Mazimwi ya Ukambani Darasani

Kabla ya shule kuenea Kitui, na kabla ya wamisheni wa Africa Inland Mission kupiga kambi Nzaui mwaka 1895, katika nchi iitwayo leo Makueni, watoto wa Kikamba walikuwa na darasa lao la wahusika. Nalo lilikuwa jikoni kwa nyanya, mifugo imekwisha kufungiwa zizini na chungu cha mahindi na maharagwe kimeinjikwa mafigani, ambapo msimulizi, pasipo kitabu wala ubao, aliwaleta mbele ya hadhira sungura na fisi, yatima na mke mwenza, na zimwi waliloliita eimu, lenye kujigeuza kijana mzuri likaenda ngomani kutafuta mke.

Hadhira ile haikutajiwa sifa za yeyote. Zimwi lilijulikana kwa sauti nzito aliyoitoa bibi kifuani, na binti aliyewakataa wachumba wote kwa jibu alilompa mamaye. Hata zimwi liliposhindwa, likausia kabla ya kukata roho likatwe kidole kidogo, wakatoka humo watu na ng'ombe lililowameza, watoto walikuwa wamekwisha kumhukumu kila mmoja kwa matendo yake.

Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeingia Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, alichapisha masimulizi hayo katika juzuu za Kamba Folklore kuanzia mwaka 1928. Lakini heshima kubwa zaidi, kwa rai yangu, yamstahiki John Mbiti, mzaliwa wa Kitui wa mwaka 1931, kwa kuwa kitabu chake Akamba Stories cha mwaka 1966 kiliandikwa na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha yenyewe, ingawa ulimwengu wamjua zaidi kwa ilimu ya dini.

Shule zilikawia kuyapokea masimulizi hayo. Ulihitajika mkutano wa mwaka 1974 katika Nairobi School, uliodai fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwamo, ipewe nafasi ya kwanza katika shule za sekondari. Na mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, fasihi simulizi ikapata makao darasani. Ndipo sungura alipoandikiwa "mjanja" na fisi "mlafi", mwanafunzi akahifadhi orodha kutoka kwenye mwongozo ili ajibu swali la sifa na umuhimu wa mhusika.

Orodha hiyo hainiridhishi hata kidogo, maana sungura yule yule amshindaye ndovu hushindwa na kobe, na neno moja halitoshi kumweleza. Hasara huzidi mwanafunzi afikapo kwenye riwaya ya ajabu yenye watu wengi, mfano wa Kusadikika ya Shaaban Robert ya mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambamo wajumbe sita hutumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa wakatupwa gerezani. Akiwasoma mmoja mmoja, Buruhani kivyake na Amini kivyake, ataona visa sita vinavyofanana na kuchoka. Akiwasikiliza jinsi Karama, mshtakiwa katika riwaya hiyo, anavyowaita mmoja baada ya mwingine katika utetezi wake, atatambua kwamba kila mjumbe ni hoja, na kwamba kufanana kwao ndiko kunakomtia hatiani Majivuno, waziri aliyemshtaki.

Mwalimu wa mji wa Mwingi au wa Wote anayo njia karibu: mtaala wenyewe wa 8-4-4 uliwaruhusu wanafunzi kwenda nyanjani kukusanya masimulizi. Na awatume kwa nyanya zao, kisha kila mmoja asimulie zimwi lake kwa sauti yake, kabla hajaruhusiwa kuandika sifa hata moja.