Samoni wa Mto Fraser na Mkataba wa Mataifa Mawili

Jina la samoni aitwaye sockeye limewapoteza wengi. Msemaji wa Kiingereza hudhani kwamba limeundwa kwa soksi na jicho, ilhali asili yake ni suk-kegh, neno la Kihalkomelem, lugha ya wenyeji wa Mto Fraser wa chini, huko Kanada. Wageni walilisikia vibaya, wakalivisha maneno ya kwao. Jambo hili lingekuwa dogo lau wasingalimchukua na samaki mwenyewe.

Samoni huyo huzaliwa katika vijito vya British Columbia, hukulia baharini, na aghalabu hurejea katika mwaka wa nne kutaga mayai na kufa. Njiani hupita maji ya Marekani, karibu na visiwa vya San Juan, na huko ndiko mitego ya Wamarekani ilikomngojea. Kanada ilipolinda mazalio, jirani ndiye aliyefaidi. Basi nayo haikuona sababu ya kujizuia. Mkataba wa 1908 ulikwama kwa kuwa Bunge la Marekani halikupitisha kanuni zake, na jaribio la 1919 halikuvuka Seneti.

Mwaka 1913 wajenzi wa reli walimwaga majabali katika korongo la Hell's Gate, na mwanzoni mwa 1914 ukingo ukaporomoka. Mkondo ukabanwa, ukawa mkali kupita nguvu za samaki. Wenyeji wa hapo, Wanlaka'pamux, waliwateka kwa nyavu na kuwavusha miamba kwa mikono yao. Malipo yao yalikuwa kupunguziwa siku za kuvua. Mavuno ya 1917, uzao wa mwaka ule wa msiba, hayakufika robo ya yale ya 1913.

Hata baada ya hayo, mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1930 haukuthibitishwa mpaka 1937. Seneti ilishurutisha kwamba tume isitoe amri yoyote ya uvuvi kabla ya uchunguzi wa miaka minane, yaani mizunguko miwili ya samoni. Wajumbe walikuwa sita, watatu kila upande. Gharama zikagawanywa nusu kwa nusu, na samaki vivyo hivyo. Mkuu wa uchunguzi, William F. Thompson, alishikilia kwamba Hell's Gate ilikuwa ingali ikiwazuia samaki, na njia za saruji zikajengwa hapo. William Ricker alimpinga mwaka 1947, akisema kwamba uvuvi wa kupindukia ulikuwa na hatia kubwa zaidi. Yamkini hakusikilizwa ipasavyo, kwani ukuta wa saruji huonekana kwa macho, na wavu ambao haukutupwa hauonekani.

Katika nusu hizo mbili wenyeji hawakuwamo. Ilibidi hakimu George Boldt, mwaka 1974, aamue kwamba makabila ya jimbo la Washington yaliyofunga mikataba na Marekani katika miaka ya 1854 na 1855 yana haki ya kuvua hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Mkataba mpya wa 1985 ukampa mjumbe wa makabila hayo kiti chenye kura upande wa Marekani.

Mwishoni mwa 2018 mwamba ulianguka tena katika Fraser, safari hii huko Big Bar. Mwaka 1914 ulikuwa umeshapita karne nzima. Mwaka 2019 samoni walivushwa kwa helikopta, na Wasecwepemc na Watsilhqot'in walikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo.