UKAWA ni nini? Muungano uliozaliwa Dodoma, ukachukua Bukoba Mjini, kisha ukapotea

Umoja wa Katiba ya Wananchi, maarufu UKAWA, ulikuwa ushirikiano wa vyama vinne vya upinzani Tanzania: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Ulianza 2014, ukaingia kwenye uchaguzi wa 2015, na kufikia uchaguzi wa 2020 haukuwepo tena.

Walitaka nini?

Serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Ndivyo ilivyopendekeza rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyopunguza pia mambo ya Muungano hadi 7, ili kila upande ujiamulie mengi zaidi. CCM ilishikilia serikali mbili. Aprili 16, 2014, wajumbe wa UKAWA wakiongozwa na Profesa Ibrahim Lipumba walisusia Bunge Maalumu la Katiba, Dodoma. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2, ikiwa na serikali mbili.

Kutoka bungeni hadi kwenye kura

Oktoba 26, 2014, vyama hivyo vilisaini makubaliano pale Jangwani, Dar es Salaam, ya kuachiana majimbo na kusimamisha mgombea mmoja wa urais. Kwa kuwa UKAWA haikuwa chama kilichosajiliwa, mgombea alilazimika kupita kwa tiketi ya chama kimoja. Ndiyo maana Juma Duni Haji alihama CUF na kuingia CHADEMA ili awe mgombea mwenza wa Edward Lowassa, aliyekuwa ametoka CCM Julai 2015.

Kagera ilipigaje kura?

Bukoba Mjini ilikwenda upinzani: Wilfred Lwakatare wa CHADEMA alimshinda Khamis Kagasheki wa CCM. Lwakatare hakuwa mgeni, kwani aliwahi kuliongoza jimbo hilo akiwa CUF. Lakini ukitoka mjini mambo yalikuwa tofauti. Muleba Kaskazini na Muleba Kusini zote zilibaki CCM, kwa Charles Mwijage na Profesa Anna Tibaijuka.

Kitaifa, John Magufuli, mzaliwa wa Chato iliyokuwa zamani sehemu ya Kagera, alipata asilimia 58 ya kura. Lowassa alipata karibu asilimia 40.

Kwa nini ulikufa?

Nyufa zilianza kabla ya kura. Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015 na Dk Willibrod Slaa akaachana na CHADEMA, wote wakipinga ujio wa Lowassa. Kuachiana majimbo nako hakukwenda sawa kila mahali. Segerea, Dar es Salaam, CUF na CHADEMA kila kimoja kilisimamisha mtu wake, CCM ikapita.

Baada ya uchaguzi, Lipumba alirudi kudai kiti chake na CUF ikagawanyika. Machi 2019, Lowassa alirejea CCM, na mwezi huohuo Maalim Seif Sharif Hamad akahamia ACT-Wazalendo. Mwaka 2020, Bukoba Mjini ikarudi CCM kupitia Stephen Byabato.

Kilichobaki

Jambo lililowaunganisha lilikuwa katiba, ila kampeni ya 2015 ilihusu zaidi nani aingie Ikulu. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Nchi bado inatumia Katiba ya 1977, na swali la serikali mbili au tatu bado liko palepale.