Mita Moja kwa Robo Saa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla mtu hajafika mwezini, wahandisi wa Marekani walikuwa na swali moja lililowasumbua: gari likipelekwa huko, mtu aliyekaa duniani ataweza kuliendesha? Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,000. Mawimbi ya redio, pamoja na kasi yao yote, huchukua zaidi kidogo ya sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi. Dereva wa namna hiyo anaona shimo wakati gari pengine limeshatumbukia. James Adams, mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, hakuona sababu ya kulimaliza swali hilo kwenye karatasi peke yake. Akaunda kigari.

Kwa kukitazama, hakikuwa kitu cha kutambia watu. Magurudumu manne madogo ya aina ya baiskeli, mota za umeme, betri ya gari na kamera ya televisheni, basi. Waya mrefu ulikiunganisha na mahali alipokaa dereva, ambaye alikiona kigari chake kwa kupitia kioo cha televisheni tu. Adams akayachelewesha mawasiliano makusudi, kana kwamba kigari kiko mwezini. Akagundua kwamba kwa ucheleweshaji ule, mtu hawezi kukiongoza kwa uhakika kikizidi takriban kilomita 0.3 kwa saa. Huo ni mwendo wa kobe hasa.

Mei 1961 Rais Kennedy alitangaza kwamba Marekani itapeleka watu mwezini, na gari lisilo na mtu ndani likapungua umuhimu. Adams alipata jibu lake, kigari kikabaki bila kazi. Miaka michache baadaye Les Earnest, aliyekuwa mtendaji katika maabara ya akili mnemba ya Stanford iliyoongozwa na John McCarthy, akakikuta na kukitwaa. Hakukitaka kwa ajili ya mwezi. Alitaka kujua kama kompyuta inaweza kutazama barabara kwa kamera na kukiendesha yenyewe.

Hapo ndipo kilipoanza kurithishwa, mwanafunzi mmoja hadi mwingine, kila mmoja na swali lake. Rodney Schmidt ndiye aliyefuata. Kabla ya kufika kwenye akili yoyote ya kompyuta, ilimbidi ahangaike na mambo ya redio, maana kigari kinachoburuta waya hakifiki mbali. Alipomaliza tasnifu yake mwaka 1971, kigari kiliweza kufuata mstari mweupe, kwa takriban kilomita 1.3 kwa saa, mradi mwanga uwe wa kuridhisha.

Mwaka huohuo akaja Hans Moravec, mzaliwa wa Austria aliyekulia Kanada. Huyu hakutaka mistari. Alitaka kigari kiingie mahali kisipopajua, kione vitu na kuvikwepa. Mwaka 1973 kigari kikiongozwa na mtu, wala si kompyuta, kilianguka kutoka kwenye mteremko wa kutokea nje, na asidi ya betri ikasambaa ndani ya vifaa vya elektroniki. Ripoti za utafiti zina kawaida ya kupita haraka sehemu kama hizi, ingawa ndizo zinazomla mwanafunzi miezi.

Utaratibu alioujenga baadaye unafaa kuelezwa polepole. Kamera iliwekwa juu ya reli fupi ya takriban nusu mita. Kigari kikisimama, kamera iliteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine ikipiga picha tisa. Kitu kilicho karibu huhama sana kutoka picha moja hadi nyingine, cha mbali huhama kidogo, na kwa tofauti hiyo kompyuta ilikadiria umbali wa kila alama iliyoichagua. Kisha ilichora njia ya kupita katikati ya vizuizi na kukisogeza kigari mita moja. Halafu kikasimama tena. Kutoka mita moja hadi nyingine zilipita dakika 10 hadi 15, kompyuta ikipiga hesabu.

Mwaka 1979 kigari kilivuka chumba kilichojaa viti bila mtu kukigusa. Safari ya takriban mita 20 ilichukua kama saa tano.

Nje ya jengo mambo yakawa mengine. Kigari kilikwepa vizuizi viwili, kikagonga cha tatu. Sababu mojawapo ilikuwa jua. Wakati kompyuta ikifikiri, vivuli vilihama, na alama ambazo programu ilizitegemea hazikuwa tena pale zilipokuwa. Ni nani, akiwa ameketi ofisini anaandika programu, angekumbuka kwamba vivuli hutembea? Mimi naona mbio ile ya nje, iliyoshindwa, ilifundisha zaidi kuliko ile ya ndani.

Katika majaribio hayo Moravec alikuwa na msaidizi, mwanafunzi mwenzake kutoka Australia, Rodney Brooks. Brooks aliondoka na fundisho la kwake: ikiwa mdudu mwenye ubongo mdogo kabisa anapita katikati ya viti bila kusimama, basi huenda ramani na hesabu zile zote hazihitajiki. Alipofika katika chuo cha MIT aliunda roboti zinazoitikia moja kwa moja kile vihisio vyao vinachopokea, na mwaka 1990 akashiriki kuanzisha kampuni ya iRobot, iliyotoa Roomba, roboti ya kufagia nyumba, mwaka 2002.

Moravec hakukubaliana naye kuhusu ramani. Alihamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1980, na huko, pamoja na mtafiti mwenzake Alberto Elfes, akabuni mbinu ya kuigawa ardhi katika miraba midogo na kukadiria kama kila mraba una kitu au ni mtupu. Oktoba 2005 timu ya Stanford iliyoongozwa na Sebastian Thrun ilishinda mbio za magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave: kilomita 212 kwa muda usiotimia saa saba. Gari lao, Stanley, lilijua pa kupita kwa mbinu ya aina hiyo, ya kuigawa ardhi katika miraba, kila mraba ukiwekwa alama: unapitika, una kizuizi, au haujulikani.