Malkia Henrietta Maria na Sir Jeffrey Hudson

Picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Anthony van Dyck mwaka 1633, yenye kimo cha sentimita 219 na upana wa sentimita 135. Ni miongoni mwa picha bora kabisa za kasri za enzi ya Baroko.

Mhusika

Henrietta Maria alizaliwa Paris mwaka 1609, binti wa Henry IV wa Ufaransa na Marie de' Medici. Aliolewa na Charles I wa Uingereza mwaka 1625. Alikuwa Mkatoliki katika ufalme wa Waprotestanti, na imani hiyo ilimkosesha taji: mumewe alipotawazwa mwaka 1626, yeye hakukubali kuvishwa taji na askofu wa Kiprotestanti.

Maana ya picha

Wapo wanaoiona picha hii kuwa ni kumpamba malkia tu, na hoja yao ina nguvu. Sophia wa Hanover, mpwa wa Charles, alimjua malkia kupitia picha za Van Dyck kabla ya kukutana naye Uholanzi. Katika kumbukumbu zake anaeleza alivyoshangaa kumkuta mwanamke mfupi, mwenye mikono mirefu iliyokonda, mabega yasiyolingana na meno yaliyochomoza. Lakini kama shabaha ingekuwa urembo pekee, kurekebisha uso kungetosha. Van Dyck amefanya zaidi ya hapo. Tunamtazama malkia kutoka chini, gauni la satini ya buluu likishuka kwa mikunjo mirefu sambamba na mifuo ya nguzo iliyo nyuma yake. Juu umo mchungwa ndani ya chungu, mti ambao wachoraji wa Kikristo waliuhusisha na Bikira Maria, ambaye malkia huyu anachangia naye jina. Na pembeni, juu ya kitambaa cha dhahabu, limewekwa taji. Yote hayo kwa pamoja yanampa hadhi ambayo ibada ya kutawazwa haikumpa. Itajibiwa kwamba taji la kando lilikuwa desturi, na kwamba Van Dyck alimchora hata Charles hivyohivyo. Ni kweli, ila Charles alikwisha kuvishwa lake, na watu wa kasri walilijua hilo. Desturi ileile, ikitumiwa kwa malkia asiyetawazwa, inakuwa dai la haki yake.

Jeffrey Hudson

Kibeti wa malkia, aliyezaliwa mwaka 1619, aliyefikishwa kwake akiwa amefichwa ndani ya pai kubwa. Hapa amevaa mahameli nyekundu na kumbeba tumbili aitwaye Pug. Kimo chake kimetumiwa bila huruma kumrefusha bibi yake. Baadaye alitekwa na maharamia, akaishi utumwani Afrika Kaskazini kwa miaka mingi.

Mahali ilipo

National Gallery of Art, Washington, Marekani, katika mkusanyiko wa Samuel H. Kress, tangu mwaka 1952.