Nairobi hadi Moyale kwa pikipiki: Hesabu za kufanya kabla ya safari

BARABARA Kuu ya A2 itokayo Nairobi hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia, ni miongoni mwa njia zenye mandhari ya kuvutia mno nchini. Kabla ya sehemu ya kaskazini kutiwa lami yote katika muongo wa 2010, safari ya kutoka Isiolo hadi Moyale iliweza kuchukua siku mbili au zaidi katika vumbi na mawe. Leo mwendeshaji pikipiki anaweza kuumaliza mwendo huo kwa siku moja. Hata hivyo, lami haikuondoa jua, upepo wala upweke wa njia, na anayepanga safari kwa kutazama ramani pekee hujiweka hatarini.

Njia nzima ni takriban kilomita 780, na yafaa igawanywe kwa siku tatu.

Siku ya kwanza ni Nairobi hadi Isiolo, kama kilomita 270, kupitia Thika, Sagana, Karatina na Nanyuki. Mlima Kenya huwa upande wa kulia, na ni vyema kuutazama asubuhi kabla haujafunikwa na mawingu. Baada ya Timau, barabara huteremka zaidi ya mita 1,000 hadi Isiolo, na baridi hugeuka joto kwa muda mfupi. Mavazi yawe ya kuvaliwa kwa tabaka ili yapunguzwe kwa urahisi.

Siku ya pili ni Isiolo hadi Marsabit, kama kilomita 260. Msafiri huvuka mto Ewaso Ng'iro mjini Archers Post, kisha huuona mlima Ololokwe wenye kilele bapa, kabla ya kupita Merille na Laisamis. Siku ya tatu ni kilomita 250 hivi hadi Moyale, kupitia jangwa la Dida Galgalu na kituo cha Turbi.

Mafuta

Hapa ndipo wengi hukosea. Chukua mfano wa pikipiki yenye tangi la lita 12, inayokwenda kilomita 30 kwa lita moja. Kwa hesabu hiyo itafika kilomita 360, na mwenyewe ataona hana haja ya akiba. Lakini ikibebeshwa mizigo na kupigwa na upepo wa mbele, huenda ikashuka hadi kilomita 22 kwa lita. Tangi lile lile sasa litafika kilomita 264 tu, na Marsabit iko kilomita 260. Zaidi ya hayo, mpando wa kuingia mjini humo huja mwishoni, tangi likiwa karibu kukauka.

Kwa hivyo, jaza tangi Isiolo na tena Marsabit, na ubebe lita tano za akiba katika mtungi madhubuti. Petroli ya chupa inayouzwa katika vituo vidogo isifanywe tegemeo. Maji ya kunywa yasipungue lita nne kwa kila mtu.

Saa za safari

Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 260 huhitaji zaidi ya saa nne, bila kuhesabu mapumziko. Anayeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi atafika mchana, na hata pancha mbili hazitamfikisha usiku. Giza ni la kuepukwa kabisa: ngamia, mbuzi na hata ndovu huvuka barabara, na baadhi ya maeneo yamewahi kukumbwa na ujambazi. Uliza polisi wa Isiolo na Marsabit kuhusu hali ya usalama kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, huleta mafuriko ya ghafla katika mikondo mikavu, na maji yakipungua huacha mchanga unaotelezesha magurudumu. Jangwani, upepo wa ubavuni husukuma pikipiki, hasa lori linapopishana nawe. Punguza mwendo na ushike usukani bila kuukaza.

Chombo na sheria

Kagua tairi, breki, cheni na oili wiki moja kabla, si asubuhi ya kuondoka, ili fundi apate nafasi ya kurekebisha. Beba tyubu, pampu, vifaa vya kuziba pancha, plagi na kebo ya klachi. Sheria inamtaka dereva na abiria wake mmoja wavae helmeti na jaketi za kuakisi mwanga. Leseni na bima ziwe halali, na kitambulisho kiwe karibu kwani vizuizi vya polisi ni vingi.

Mwisho, mwachie mtu nyumbani ratiba ya kila siku na umpigie simu kila ufikapo, maana mawasiliano hupotea kati ya mji na mji. Ukiona jua linashuka na mji ungali mbali, lala kituo cha karibu chenye watu. Wahenga walisema, kawia ufike.