Kuhama Mfumo wa Simu: Nyimbo, Hedifoni na Redio Visipotee Njiani

Mwananchi anayeacha simu ya mfumo wa Android na kuchukua iPhone, au anayefanya kinyume chake, kwa kawaida huulizia dukani bei, betri na kamera. Majina ya watu na picha huhama bila taabu kubwa. Kinachosahaulika ni sauti: nyimbo zilizokusanywa kwa miaka, hedifoni iliyozoeleka, na redio iliyokuwa ikisikika ndani ya simu ileile. Kwa mkazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, hilo la mwisho si burudani pekee.

Makala haya yanaeleza nini huhama, nini hakihami, na nini kikaguliwe kabla simu ya zamani haijauzwa au kufutwa.

Nyimbo za kumiliki na nyimbo za kukodi

Jambo la kwanza kutambua ni kwamba nyimbo zilizomo ndani ya simu si za namna moja. Zipo zilizo faili kamili, kama zile za MP3 ambazo mtu alirushiwa kwenye memori kadi katika vibanda vya mjini, au alizotumiwa kwa WhatsApp na Bluetooth. Hizi ni mali iliyo mkononi. Zinachezwa na simu ya mfumo wowote, kwa kuwa MP3 na AAC husomwa na Android na iPhone kwa pamoja. Faili za FLAC, zenye ubora wa juu zaidi, husomwa na iPhone tangu mwaka 2017. Faili za WMA, zilizotokana na kompyuta za Windows za miaka ya nyuma, hukataliwa na programu ya muziki ya iPhone. Huchezwa kwa programu nyingine kama VLC, ambayo hailipiwi.

Kundi la pili ni nyimbo zinazosikilizwa kupitia programu za malipo ya mwezi, zikiwamo Boomplay, Apple Music, YouTube Music na Spotify, ambayo ilianza kupatikana nchini mwaka 2021. Msikilizaji anapobonyeza kitufe cha kupakua, wimbo huingia kwenye simu ukiwa umefungwa kwa ufunguo wa programu husika. Hauwezi kunakiliwa kwenda simu nyingine na ukachezwa. Kinachohama ni akaunti: mtumiaji huingia kwa jina na nywila yake katika simu mpya, akakuta orodha zake kama alivyoziacha, kisha akapakua nyimbo upya kwa kifurushi chake cha intaneti. Hata Apple Music inapatikana kwenye Android tangu Novemba 2015, hivyo mteja wake halazimiki kuiacha kwa sababu tu amebadili simu.

Hapo kuna mtego wa fedha. Mtu aliyejiunga na huduma kupitia duka la programu la Google au la Apple huendelea kukatwa malipo na duka lilelile hata baada ya kuhama. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Ni lazima usajili usitishwe katika duka lilipoanzia, na kazi hiyo ni rahisi zaidi simu ya zamani ikiwa bado mkononi.

Kundi la tatu halina jina rasmi, lakini katika Kanda ya Ziwa ndilo lenye thamani kubwa zaidi. Ni rekodi ambazo hazipo katika huduma yoyote ya malipo: kwaya ya kigango iliyorekodiwa kwa simu, ngoma ya harusi, wimbo wa Kisukuma ulioimbwa shambani na mzee ambaye huenda leo hayupo. Katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, ambako sherehe za Bulabo hufanyika kila mwezi Juni, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma mbele ya umati. Sehemu ya kinachoimbwa pale hubaki kwenye simu za watazamaji tu. Wimbo wa msanii maarufu ukipotea, utapakuliwa tena. Rekodi ya aina hii ikifutwa pamoja na simu, hakuna mahali pa kuitafuta.

Namna ya kuzihamisha

Anayetoka Android kwenda iPhone afahamu mambo mawili. iPhone haina nafasi ya memori kadi, na programu ya Apple inayohamisha taarifa kutoka Android, iitwayo Move to iOS, haichukui faili za muziki. Inachukua majina, ujumbe, picha na video, na tangu mwaka 2022 hata mazungumzo ya WhatsApp pamoja na sauti zilizorekodiwa humo. Kazi hii kwa kawaida hufanyika wakati simu mpya inawashwa kwa mara ya kwanza. Aliyekwisha kuianza kuitumia hulazimika kuifuta na kuanza upya. Nyimbo zinabaki nyuma, na wengi hugundua hivyo baada ya simu ya zamani kuuzwa.

Njia ya kawaida ni kompyuta. Nyimbo hunakiliwa kutoka kwenye memori kadi, kisha huingizwa katika iPhone kwa programu za Apple zilizowekwa katika kompyuta hiyo. Asiye na kompyuta anaweza kutumia VLC: simu zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, programu hiyo katika iPhone huonyesha anwani ambayo hufunguliwa katika kivinjari cha simu ya Android, na nyimbo hutumwa kutoka hapo. Kwa kuwa faili hazipiti kwenye intaneti, uhamishaji wenyewe hauli kifurushi. Nyimbo zilizoingizwa hivyo hukaa ndani ya VLC, wala hazionekani katika programu ya muziki ya Apple. Watumiaji wengine hudhani zimepotea kwa sababu hiyo tu.

Anayetoka iPhone kwenda Android ana kazi nyepesi, kwani Android hupokea faili kwa waya kutoka kwenye kompyuta kama inavyopokea picha. Nyimbo zilizonunuliwa katika duka la iTunes tangu mwaka 2009 hazina kufuli, hivyo hucheza popote. Zilizopakuliwa kwa malipo ya mwezi zina kufuli, kama ilivyoelezwa.

Ikumbukwe kuwa kuhamisha nyimbo zako kutoka simu yako moja hadi nyingine ni jambo tofauti na kufanya biashara ya kurusha kazi za wasanii bila ridhaa yao. Biashara hiyo inaguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo msimamizi wake ni COSOTA.

Hedifoni na matundu yake

Kwa miaka mingi tundu la mviringo la milimita 3.5 lilitumika kwa simu zote, na hedifoni moja ilizunguka nyumba nzima. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu hilo kuanzia iPhone 7, na watengenezaji wengine wakafuata kwa simu zao za bei ya juu. Simu nyingi za Android za bei ya chini na ya kati zimeendelea kuwa nalo, na hiyo ni sababu nzuri ya kutozidharau.

iPhone zilizotoka kati ya mwaka 2012 na 2022 zina tundu la Lightning, ambalo halipatikani kwenye Android. Kuanzia iPhone 15, iliyotoka Septemba 2023, Apple imehamia tundu la Type-C, lilelile linalotumiwa na simu nyingi za Android. Umoja wa Ulaya ulikwisha kupitisha sheria ya kutaka simu zote ziwe na tundu hilo la kuchajia, ambayo imeanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Uamuzi uliofanyika Brussels umemnufaisha pia mnunuzi wa Makoroboi, maana chaja moja sasa inatosha simu za pande zote mbili.

Kwa upande wa sauti, hata hivyo, Type-C haijamaliza matatizo. Baadhi ya simu za Android hutoa sauti iliyokwisha kugeuzwa kuwa umeme wa kawaida wa hedifoni, na hedifoni au kiunganishi cha bei ndogo huifikisha sikioni bila kazi nyingine. iPhone na simu nyingine nyingi hutoa sauti ya kidijitali; ili isikike, ni lazima ndani ya kiunganishi kuwe na chipu ya kuigeuza. Kwa macho, viunganishi hivyo viwili havina tofauti. Ndiyo maana kiunganishi kinachofanya kazi kwenye simu ya jirani kinaweza kunyamaza kabisa kwenye simu mpya bila kuwa kibovu. Njia ya uhakika ni moja: kukijaribu dukani, kwenye simu itakayokitumia, kabla ya kulipa.

Hedifoni za waya zenye maikrofoni zina kasoro nyingine inayowachanganya watu. Zipo zilizofungwa kwa mpangilio wa zamani wa nyaya na zilizofungwa kwa mpangilio unaotumika sasa. Zikikutana na simu isiyolingana nazo, midundo husikika lakini sauti ya mwimbaji hufifia kana kwamba anaimba nje ya nyumba, na hurejea pale kitufe cha maikrofoni kinapobonyezwa na kushikiliwa. Hiyo ni dalili ya mpangilio kutolingana wala si ya ubovu wa simu. Aidha, vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti katika hedifoni za Apple mara nyingi havifanyi kazi kwenye Android, ingawa kile cha kati hufanya.

Hedifoni za Bluetooth ndizo zenye usumbufu mdogo, kwa kuwa zote hupaswa kuelewa aina moja ya msingi ya kusafirisha sauti, iitwayo SBC. AirPods za Apple hucheza kwenye Android kama hedifoni yoyote, ila hupoteza uwezo wa kusimamisha wimbo zinapotolewa sikioni, na maboresho yake ya ndani huhitaji kifaa cha Apple. Kinyume chake, hedifoni ya gharama iliyonunuliwa kwa ajili ya LDAC, teknolojia ya Sony inayotumika kwenye Android tangu mwaka 2017, itacheza kwenye iPhone kwa kiwango cha AAC, kwa sababu iPhone haina LDAC. Aliyelipia ubora huo asitarajie kuupata. Hedifoni ikigoma kuungana na simu mpya, mara nyingi ni kwa sababu bado inaikumbuka ya zamani iliyo karibu. Ifutwe kwanza katika orodha ya Bluetooth ya simu hiyo.

Redio inayotoweka

Simu nyingi za Android zinazouzwa nchini zina redio ya FM ndani yake, inayosikika bila intaneti na bila kifurushi. iPhone haina programu ya redio ya FM. Anayehama huipoteza siku hiyohiyo, na hakuna ujumbe wowote wa simu unaomjulisha.

Uhusiano wa redio hiyo na hedifoni ni wa moja kwa moja. Waya wa hedifoni ndio antena. Masafa ya FM ni kati ya megahezi 87.5 na 108, ambayo urefu wa wimbi lake ni takriban mita tatu. Robo yake, sentimita 75 hivi, inakaribiana na urefu wa waya wa kawaida wa hedifoni. Bluetooth haiwezi kufanya kazi hiyo. Hivyo hata anayebaki Android akachukua simu isiyo na tundu la mviringo anaweza kuikosa redio. Mwenye tundu anaweza kuchomeka waya kama antena, kisha akachagua sauti itoke kwenye spika ili wote waliomo kwenye mtumbwi wasikie.

Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe, Ukara, Igombe na visiwa vya mbali hufanya kazi usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Wakati huohuo ndipo Ziwa Victoria huzaa ngurumo na pepo kali: nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo kutoka pande zote za ufuko hukutana katikati ya ziwa, na mawingu ya mvua hujengeka hapo hadi alfajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri na tahadhari zinazohusu ziwa hili, na redio ni mojawapo ya njia zinazozifikisha kwa wananchi. Redio ya mtandaoni kwenye simu huhitaji minara na kifurushi, na mtandao hupungua kadiri chombo kinavyoiacha nchi kavu.

Kwa anayefanya kazi majini, ushauri wa kiufundi uko wazi. Abaki na simu ya Android yenye tundu la hedifoni na redio ya FM, au akihama anunue redio ndogo ya betri kavu na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na maboya yake.

Kabla ya kulipa

Simu iliyokwisha kutumika ikaguliwe namba yake ya utambulisho, IMEI, kwa kubonyeza *#06#, kisha namba hiyo itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inayoonyesha aina halisi ya simu. Simu bandia zilifungiwa nchini Juni 2016, na jina linalokuja katika jibu likitofautiana na la simu iliyo mkononi, isinunuliwe. Kwa iPhone, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya mnunuzi.

Simu ya zamani isifutwe siku hiyohiyo. Ikae wiki moja au mbili, memori kadi ikiwa imetolewa na kunakiliwa, hadi mwenyewe atakapokuwa amezicheza rekodi zake katika simu mpya, moja baada ya nyingine, kwa hedifoni atakayoitumia.