Majina Tunayajua, Kazi Yao Je?



Usiku mmoja wa Ramadhan, baada ya tarawehe, tulikuwa barazani tukinywa kahawa. Mazungumzo yakafika kwenye elimu. Kijana mmoja akajigamba, "Hesabu zote hizi tulianzisha sisi Waislamu! Wengine wamechukua kwetu tu." Mzee aliyekuwa akimimina kahawa akamuuliza polepole, "Vyema mwanangu. Na wewe hesabu ulipata ngapi muhula huu?" Baraza zima likacheka. Kijana kimya.

Nami nilicheka, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Majina ya wanazuoni wetu wa kale tunayajua, na kila Ramadhan tunayataja. Lakini walifanya nini hasa? Na walifanyaje? Hebu tuwatembelee wachache, tuone.

MJI WA KARATASI

Khalifa al-Mansur alianza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762. Kabla karne ile ya 8 kwisha, karatasi, ufundi uliotoka Uchina, ilikuwa ikitengenezwa mjini humo. Karatasi ni rahisi kuliko ngozi, kwa hivyo vitabu vikawa vingi. Wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833, vitabu vya Wayunani, Wahindi na Waajemi vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu kwa wingi.

Zingatia hapo, msomaji. Hawakuona aibu kujifunza kwa wengine. Mfasiri mashuhuri wa vitabu vya tiba, Hunayn ibn Ishaq aliyefariki mwaka 873, alikuwa Mkristo. Alipotaka kitabu kimoja cha Galen, tabibu wa Kiyunani, alikitafuta Iraq, Sham na Misri mpaka akafika Iskandaria. Mwishowe alikipata Dameski, tena karibu nusu yake tu! Safari yote hiyo, wakati hakuna gari wala ndege, kwa ajili ya nusu kitabu. Sisi leo kitabu kiko maktaba ya mtaa wa pili na twaona mbali.

HESABU: KUTOKA KWENYE MIRATHI

Katika mji huo aliishi Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyezaliwa karibu mwaka 780. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilicholipa jina somo la aljebra. Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke, mama, wana wa kiume na wa kike, na ameusia fungu kwa mtu wa nje. Kila mmoja apate ngapi? Watu walikuwa na shida hiyo, na pia za biashara na kupima mashamba. Yeye akawatafutia njia.

Tazama mfano wake mmoja. Iko namba: ukiizidisha kwa yenyewe, kisha ukaongeza mara 10 ya namba hiyo hiyo, unapata 39. Ni namba gani? Al-Khwarizmi hakutumia x wala alama yoyote, alieleza kwa maneno matupu. Chukua nusu ya 10, ni 5. Zidisha 5 kwa 5, ni 25. Jumlisha na 39, ni 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Sasa jaribu: 3 mara 3 ni 9, na 10 mara 3 ni 30. Jumla 39! Kisha akachora mraba kuonyesha kwa nini njia hiyo ni sahihi. Hakutaka uamini tu.

Je, sifuri ilianzishwa na Waislamu? La. Tarakimu hizi na sifuri yake zilitoka India, na al-Khwarizmi mwenyewe alipoandika juu yake alieleza kuwa ni hesabu za Kihindi. Alimpa kila mtu haki yake. Kazi yake ilikuwa kuzieneza, na kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake ndilo lililozaa neno "algorithimu", yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kompyuta na simu yako vinafuata. Na Mswahili anaposema "hesabu" na "sifuri", anatumia maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu kile kile.

NURU: MTU ALIYEKUBALI KUKOSEA

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu mwaka 965. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba alidai anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Alipopanda mto mpaka upande wa Aswan na kuona hali yenyewe, alijua hawezi, akarudi akakiri. Kwa kuwa al-Hakim alikuwa mtawala wa kuogopwa, inasemekana alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021.

Alitunga kitabu cha nuru na kuona, Kitab al-Manazir, chenye sehemu 7. Wakubwa kama Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham akasema sivyo: nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Ndiyo maana ukitazama jua macho yanauma. Kisha akajaribu. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu dogo linaloingiza nuru katika chumba cha giza. Ukutani zikatokea alama za nuru, moja kwa kila taa. Akiziba taa moja, alama yake tu ndiyo inayopotea. Kumbe nuru husafiri kwa mstari ulionyoka, na nuru za taa mbalimbali hupita tundu moja bila kuchanganyika. Siku stima ikipotea, wewe na wadogo zako mnaweza kulijaribu hili kwa mishumaa miwili na kadibodi yenye tundu.

Aliandika pia kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy, pamoja na kumheshimu. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwenye kutafuta ukweli asiwaamini wakubwa kwa sababu ya ukubwa wao, bali apime wanayoyasema, na ajitilie shaka hata yeye mwenyewe.

Kwa hivyo tusimwongezee chumvi. Wako wanaosema neno "kamera" limetoka Kiarabu. Si kweli, ni la Kilatini na maana yake ni chumba. Ibn al-Haytham ana makubwa ya kutosha. Hana haja ya uongo wetu.

MOYO: KURASA ZILIZOLALA

Katika tiba, Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 925, alieleza jinsi ya kutofautisha ndui na surua. Yeye naye aliandika shaka zake juu ya Galen. Lakini kisa ninachotaka ukishike ni cha Ibn al-Nafis, tabibu aliyesoma Dameski kisha akafanya kazi Cairo.

Galen alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu vidogo kwenye ukuta ulio katikati. Watu waliamini hivyo kwa karibu miaka elfu moja. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, akiwa na umri wa karibu miaka 30, aliandika kwamba ukuta huo ni mzito na hauna vitundu. Damu hutoka upande wa kulia ikaenda kwenye mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Ulaya, Michael Servetus alichapisha maelezo kama hayo mwaka 1553.

Maneno ya Ibn al-Nafis yakawa wapi? Yalikuwa yamelala kwenye makabati. Ni mwaka 1924 ambapo daktari kijana wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyaona katika nakala ya mkono iliyokuwa maktaba ya Berlin. Hesabu mwenyewe: miaka 682! Elimu ilikuwako, kitabu kilikuwako, lakini asiyejua kilipo ni sawa na asiyekuwa nacho.

FAHIRISI: MUUZA VITABU WA BAGHDAD

Ndiyo sababu nampenda Ibn al-Nadim. Hakuwa tabibu wala mwanahesabu, alikuwa muuza vitabu. Mwaka 987 alikamilisha al-Fihrist, orodha ya vitabu alivyovijua katika lugha ya Kiarabu, imegawanywa sehemu 10: dini, nahau, historia, mashairi, falsafa, hesabu, tiba, mpaka hadithi za kubuni. Aliandika nani alitunga nini, na kwa washairi alikadiria hata wingi wa kurasa zao, ili mnunuzi asipunjwe.

Mwaka 1258 Wamongolia waliivamia Baghdad. Kwa vita, moto na miaka mingi ya kusahauliwa, vitabu vingi alivyovitaja havipo tena. Tunajua viliwahi kuwako kwa sababu tu muuza vitabu mmoja alikaa akaandika. Leo tunaita kazi hiyo usimamizi wa habari, na watu wanaisomea digrii. Neno letu "fahirisi" ni ndugu wa jina la kitabu chake.

NA SISI?

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika karne za 18 na 19 kwa mabingwa wa kunakili misahafu kwa mkono. Katika nyumba nyingi za pwani yetu bado mna visanduku vya mababu: barua, mashairi, vitabu vya dawa, vyote kwa herufi za Kiarabu. Mchwa nao hawalali.

Basi nakuomba mambo mawili, ndugu yangu. La kwanza, ukimtaja al-Khwarizmi, chukua kalamu ufanye hesabu moja, hata kama ni ile ya 39. La pili, kabla ya Idd, muulize bibi au babu kama kuna kisanduku. Kifungueni pamoja, kwa mikono mikavu. Andika kila karatasi ni ya nani na inahusu nini, ipige picha, kisha irudishe mahali pakavu. Hiyo ndiyo fahirisi yako. Huenda umo mtu aliyelala humo akingoja msomaji, kama Ibn al-Nafis.

Wahyi wa kwanza ulishuka katika mwezi huu, na ulianza kwa amri ya kusoma. Mzee wa kahawa bado yuko barazani. Akituuliza tena, tuwe na la kumjibu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.